Kila Mtoto Alete Wimbo Wake



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, nalo ni kile kigita cha nyuzi nne kiitwacho ukulele. Wazazi wengi tunaoishi hapa Uingereza tumeshamwona mtoto akirejea kutoka shule amekikumbatia kama aliyeokota kitoto cha paka. Wengine tumecheka, wengine tumekunja uso, na wengine tumeamuru kiwekwe juu ya kabati hadi siku ya kukirudisha. Nyumbani kwetu tuliyafanya yote matatu, kwa zamu.

Yaliyotufanya tukitazame upya yalitokea majira ya baridi ya mwaka 2021. Mtakumbuka kwamba kwa sababu ya maradhi ya Korona shule za hapa zilifungwa tangu mwanzo wa Januari hadi Machi mwaka huo, na watoto wakasomea majumbani. Mwalimu wa muziki wa shule ya binti yetu hakutaka kilabu chake cha ukulele kife, akakihamishia kwenye intaneti. Kila Jumatano jioni, baada ya sala ya Magharibi, ambayo majira yale huingia mapema, watoto walionekana kwenye kioo cha kompyuta, kila mmoja katika kidirisha chake, kila mmoja na kigita chake kifuani.

Juma moja mwalimu akawapa kazi. Juma lijalo, alisema, kila mtoto alete wimbo aupendao, wimbo wa nyumbani kwao, aupige au auimbe, kisha awaeleze wenzake ameupata kwa nani na kwa nini anaupenda. Binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alifunga kompyuta, akatugeukia na kuuliza, "Mama, nyimbo zetu sisi ni zipi?"

Tulitazamana. Tulikuwa watu wazima wawili katika chumba kile, mmoja mzaliwa wa Unguja na mwingine wa Mombasa, na hakuna aliyekuwa na jibu tayari.

ALA ILIYOVUKA BAHARI

Kabla ya kueleza tulivyofanya, yafaa tumtendee haki mgeni huyu tuliyekuwa tukimdharau, kwani tulipoisoma historia yake tuliona haya.

Wengi hudhani ukulele ni ala ya asili ya visiwa vya Hawaii. Kwa hakika ililetwa huko na wahamiaji. Mwaka 1879, mwezi wa Agosti, jahazi kubwa liitwalo Ravenscrag lilitia nanga Honolulu baada ya safari ya miezi minne. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya mia nne kutoka kisiwa cha Madeira, kilicho chini ya Ureno, waliokwenda kufanya kazi ya mkataba katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Kwao Madeira kulikuwa na kigita kidogo kiitwacho machete. Walipomaliza mikataba yao ya shambani, mafundi hao walifungua karakana mjini Honolulu na kuanza kuunda vigita vya namna hiyo kwa mbao za koa, mti wa palepale visiwani. Wenyeji wakakipenda, wakakifanya chao na kukipa jina.

Jina lenyewe lina tafsiri mbili. Wengi husema maana yake ni kiroboto arukaye, kwa jinsi vidole vinavyorukaruka juu ya nyuzi. Lakini Malkia Liliʻuokalani, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa nyimbo, alipendelea maana nyingine, yaani zawadi iliyokuja. Sisi tuliotoka kwetu na mabegi mawili na kanda za muziki zilizofungwa ndani ya kanga, tuliipenda zaidi tafsiri ya malkia. Ala hii ililetwa na vibarua wa mashamba, ikapokewa hadi nyumbani kwa mfalme, kwani Mfalme Kalākaua aliipenda na kuipa heshima katika sherehe zake.

Yaliyofuata Hawaii ndiyo yaliyotugusa zaidi. Ufalme wao ulipinduliwa mwaka 1893. Mwaka 1896 ikapitishwa sheria kwamba mafunzo yote shuleni yawe kwa Kiingereza, na mwaka 1898 visiwa vikachukuliwa na Marekani. Watoto wakakua bila lugha ya wazee wao, hata kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 watoto waliozungumza Kihawaii walikuwa wachache mno. Lugha haikuokolewa na nyimbo peke yake, la hasha. Mwaka 1978 iliandikwa katika katiba ya jimbo kuwa lugha rasmi, na mwaka 1984 wazazi na walimu walifungua shule ya kwanza ya watoto wadogo yenye kufundisha kwa Kihawaii kitupu, wakaiita Pūnana Leo, yaani kiota cha sauti. Hata hivyo, katika miaka ile yote ya ukame, yule aliyeshindwa kuomba maji kwa lugha ya bibi yake aliweza bado kuuimba wimbo wa bibi yake. Maneno yalisubiri ndani ya nyimbo.

Hawaii hawakuhama kwao, na lugha yao ilipigwa na sheria. Sisi hakuna sheria iliyotukataza Kiswahili. Tunakiacha wenyewe, mezani, tukimjibu mtoto kwa Kiingereza kwa kuwa tumechoka.

KILABU KISICHOKUTANA CHUMBA KIMOJA

Turudi kwenye kilabu. Huenda baadhi yenu mkajiuliza, watu hupigaje muziki pamoja ilhali kila mmoja yuko kwao? Nasi tulijiuliza hivyo hivyo, mpaka tulipoketi nyuma ya binti yetu na kutazama.

Ukweli ni kwamba hawapigi pamoja. Sauti ikipita katika intaneti huchelewa kidogo kufika, na ucheleweshaji wa chini ya nusu nukta watosha kuvuruga mwendo wa wimbo. Watoto ishirini wakipiga kwa mara moja, hutoka kelele kama ya soko la samaki. Kwa hiyo kanuni ya vilabu vya namna hii ni moja. Kiongozi peke yake ndiye anayefungua mikrofoni, na wengine wote hufunga zao, wakapiga kumfuata. Kila mtoto husikia sauti mbili tu, ya kiongozi na yake mwenyewe. Anayekosea hakosei mbele ya watu. Tuliona watoto wenye haya, waliokuwa wakijificha nyuma darasani, wakiimba kwa sauti kuu chumbani mwao.

Ala yenyewe ni rahisi kwa anayeanza. Nyuzi zake ni za nailoni, hazikwaruzi vidole kama za chuma. Kordi, yaani nyuzi kadhaa zikipigwa kwa pamoja zikalingana, nyingine huhitaji kidole kimoja tu kubonyeza uzi mmoja. Mwenye kujua kordi tatu aweza kuimba nyimbo chungu nzima. Mwalimu huwatumia watoto karatasi yenye maneno ya wimbo, na juu ya neno huandikwa herufi ya kordi, C au F au G, ili mtoto ajue wapi abadilishe vidole. Tena mdomo wake uko huru kuimba, jambo lisilowezekana kwa mpiga filimbi. Ndiyo sababu shule nyingi za hapa zimeiweka ukulele mahali pa ile filimbi ya plastiki tuliyoizoea.

MNYORORO ULIPOKATIKIA

Sasa kuhusu swali la binti yetu. Jambo la kwanza tulilofanya ni la aibu kidogo. Tulimwambia aseme anapenda wimbo wa "Jambo Bwana", ule uliovuma tangu miaka ya mwanzo ya 1980 ukiimbwa na kundi la Them Mushrooms kutoka Kenya. Akatujibu kwamba mwalimu alikwisha kuwafundisha huo, na kwamba wenzake wote wanaujua. Hapo tukafahamu kuwa wimbo ambao hotelini pwani huimbiwa watalii ndio uliokuwa karibu zaidi na ndimi zetu.

Tukajaribu taarabu. Mmoja wetu alikulia Ng'ambo ya Unguja, na nyumbani kwao santuri za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili, zilisimuliwa kama habari za jamaa. Lakini tulipojaribu kutafuta sauti zile katika ukulele tuligonga ukuta. Nyimbo nyingi za taarabu ya zamani hufuata makamu za Kiarabu, na ndani ya makamu hizo mna sauti zinazokaa katikati ya sauti mbili za kinanda. Mpiga udi huzipata kwa kutelezesha kidole, kwa kuwa shingo ya udi ni laini. Shingo ya ukulele imekatwa kwa vipande vya chuma, na kila kipande kimeamua sauti yake. Aidha, mashairi yale ni ya mafumbo ya watu wazima, na kumfasiria mtoto wa miaka tisa lilikuwa jambo la kutuondoa jasho.

Ndipo tukakumbuka wimbo wa kubembelezea watoto, ule ambao mama yetu alituimbia sote. Mwenye Unguja akauanza, akafika katikati ya ubeti wa pili, akakwama. Mwenye Mombasa akasema, "Kwetu hatuimbi hivyo," akaanza wa kwao, naye akakwama mapema zaidi. Tulibishana kwa muda kuhusu nani anao ule wa asili. Kisha tukanyamaza, kwa kuwa tulifahamu sote wawili kwamba hatukuwahi kumwimbia mtoto huyu wimbo ule hata usiku mmoja. Alipokuwa mchanga tulimlaza kwa kidude cha betri kilichotundikwa juu ya kitanda. Mnyororo uliopita kwa bibi na bibi ya bibi ulikuwa umekatikia mikononi mwetu, wala hapakuwa na wa kumlaumu.

Ikabidi tumpigie Bibi simu Unguja. Huko ilikuwa saa nne ya usiku, na yeye alikuwa ameshajinyoosha. Binti yetu akaamkia, "Shikamoo Bibi," kisha akaeleza shida yake kwa Kiswahili cha kuungaunga. Bibi alikaa kimya kidogo, akakohoa, akaimba beti nne bila kusita. Tuliziandika. Ndani yake mlikuwa na kata, mtungi na ukindu. Mtoto hakukijua hata kimoja. Bibi akaeleza kata ni nini, jinsi kifuu cha nazi kinavyosuguliwa na kutiwa mpini, na jinsi maji ya mtungini yalivyokuwa baridi kuliko ya jokofu. Maelezo ya kata peke yake yalichukua dakika ishirini. Kwa miaka yote aliyoishi mtoto huyu, mazungumzo yake na bibi yake yalikuwa hayajawahi kupita salamu, hali ya hewa na "umekula nini".

NENO LA MZEE WETU

Haingekuwa haki kuficha kwamba jambo hili halikuwapendeza wote. Mzee mmoja wa jamaa zetu alipopata habari alitupigia simu kutuonya. Nyuzi ndani ya nyumba ya Kiislamu, alisema, ni mlango ambao ukishafunguliwa haufungiki.

Hatukumdharau, na hatupendi msomaji yeyote amdharau mwenye rai hiyo. Masheikh wametofautiana juu ya ala za muziki tangu karne nyingi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tumelelewa nayo, mafakihi wengi wamezizuia ala za nyuzi na kuliruhusu dufu. Wapo wanazuoni wengine waliozijuzisha kwa masharti, yakiwamo kwamba maneno yawe safi na zisimshughulishe mtu na ibada. Sisi si mamufti, na gazeti hili dogo si mahali pa kutoa fatwa. Kila nyumba ina mzee wake wa kumuuliza.

Tunachoweza kufanya ni kukumbusha kisa cha ndugu yetu Yusuf Islam, mwimbaji mashuhuri wa hapa Uingereza, aliyesilimu mwaka 1977. Baada ya kusilimu aliuza magita yake kwa mnada na kuuacha muziki kwa miaka mingi. Aliporudi studio, mwaka 1995, alitoa kazi juu ya maisha ya Mtume (s.a.w.) isiyo na gita ndani yake. Baadaye alizidi kuchunguza hoja za wanazuoni, na mwaka 2006 akatoa albamu akipiga gita tena. Huyu ni mtu mmoja aliyeziishi rai zote mbili kwa unyofu, na anayeifuata moja asimtoe mwenziwe katika dini.

Mzee wetu mwenyewe ndiye aliyeleta ufumbuzi. Alisema, "Kama ni wimbo wa bibi yake, basi na aimbe. Nyuzi za nini?" Tukamwandikia mwalimu, naye akajibu siku ileile kwamba mtoto yeyote aweza kuleta wimbo kwa sauti yake tu, bila ala. Mtoto mwingine wa Kiislamu katika kilabu kile, ambaye wazazi wake walikuwa wakimtoa kila mara nyimbo zinapoanza, juma lile alibaki hadi mwisho.

JUMATANO YENYEWE

Jumatano ikafika. Tuliweka simu ya pili mbele ya kompyuta ili Bibi asikie kutoka Unguja. Binti yetu aliimba beti mbili za kwanza kwa sauti tupu, kisha za mwisho akazipiga na ukulele, kwa kordi tatu alizozijua. Alitetemeka mwanzoni. Alipomaliza hapakusikika kofi hata moja, kwa kuwa mikrofoni zote zilikuwa zimefungwa. Palionekana mikono tu ikipungwa katika vidirisha ishirini. Mwalimu akafungua yake, akamwomba awafundishe wenzake neno moja la wimbo ule. Akachagua "kata". Ikawa watoto wa mji wa kaskazini mwa Uingereza, wengine wenye wazazi wa Kipoland na wengine wa Kipakistani, wanalitamka neno kata mmoja baada ya mwingine.

Kutoka katika simu ya pili tukasikia sauti ya Bibi. "Vizuri, mjukuu wangu. Lakini umeharakisha. Mtoto hatalala."

Tangu siku hiyo kilikuwapo kilabu cha pili, kisicho na mwalimu wala kigita. Kila Jumapili tulimpigia Bibi, naye alitoa wimbo mmoja. Zilikuwamo nyimbo za kutwanga, nyimbo za michezo ya watoto uwanjani, na kasida alizozisikia katika maulidi. Yule mzee aliyetuonya naye akaleta kasida mbili, akazifundisha mwenyewe kwa dufu. Bibi alitutoka mwaka 2023, Mwenyezi Mungu amrehemu. Daftari lile lina nyimbo thelathini na moja, na kando ya kila wimbo mna maelezo ya maneno kwa mwandiko wa mtoto.

TUFANYE NINI SISI

Ndugu zetu, samaki mkunje angali mbichi, na hili ni jambo la kukunja sasa. Hatumwambii mtu anunue ukulele. Tunasema kila nyumba ijiulize swali lile la mtoto wetu. Mkiwa na mzee, awe hapa au kule, mwombeni wimbo mmoja, na mumwombe idhini ya kumrekodi kwa simu. Andikeni maneno yote, yakiwamo msiyoyafahamu, na muulize maana yake siku ileile, kwani hiyo ndiyo hazina. Andikeni pia umetoka mji gani, kwa maana wa Lamu, wa Pemba na wa Tanga hautakuwa mmoja, wala msibishane juu ya upi ndio wa asili kama tulivyobishana sisi.

Kama jamaa zenu wametawanyika, huyu Muscat, huyu Toronto, huyu Dar es Salaam, basi fuateni kanuni ya kilabu cha watoto. Chagueni saa isiyogongana na sala ya yeyote kati yenu, mmoja aongoze, wengine wafunge mikrofoni, kisha zamu ihamie kwa mwingine. Mwacheni mtoto aongoze walau mara moja.

Nasi katika kurasa hizi tutafurahi kupokea nyimbo za watoto kutoka kwenu, ziwe zimeandikwa kwa mkono wa mtoto mwenyewe, pamoja na maana ya neno moja gumu lililomo. Tutazichapa kwa kadiri nafasi itakavyoruhusu. Mwezi ujao, inshallah, tutaanza na neno "kata".

Wabillahi tawfiq.